Chupa Isiyo na Matuta

Inspekta alifika kwenye geti la chuo cha famasia saa tatu na nusu asubuhi, mkononi ana chupa ndani ya mfuko wa nailoni, kichwani ana hasira aliyoamka nayo. Mlinzi alimtaka asaini kitabu cha wageni. Akasaini, na kwenye nafasi ya sababu ya kuja akaandika neno moja: kifo. Mlinzi alilisoma, akamrudishia kalamu, akafungua geti bila kuuliza zaidi.

Saa nane mchana faili lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Likifika lilivyokuwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili angeshtakiwa kwa kumuua bibi yake kwa uzembe, na jioni hiyo hiyo angetolewa mahabusu ya kituo kupelekwa gerezani kungoja kesi. Saa kumi bibi mwenyewe angezikwa. Baba wa msichana, ambaye marehemu alikuwa mama yake mzazi, alishasema kituoni mbele ya watu kwamba binti yake asithubutu kukanyaga makaburini. Inspekta alikabidhiwa faili jana yake, mwenzake alipokwenda likizo, na alilisoma mara mbili. Mara ya kwanza alimwonea huruma mtoto wa watu. Mara ya pili alitamani kumzaba vibao aliyeandika maelezo yale.

Maelezo ya msichana yalikuwa nusu ukurasa. Ijumaa ya mtihani wa vitendo walitengeneza dawa mbili, ya tumbo ya kunywa na ya kuchua ya kupaka. Mtihani ulipokwisha alimwomba mwalimu wake ruhusa ya kumpelekea bibi ile ya tumbo, kwa sababu bibi alikuwa anateswa na kiungulia, na mwalimu akamruhusu. Akachukua chupa kwenye trei. Haikuwa na lebo. Akampa bibi na kumwelekeza vijiko viwili vikubwa, mara tatu kwa siku. Jumapili asubuhi alimpigia mwalimu simu kumweleza hali ya bibi. Chini ya hapo konstebo alikuwa ameongeza ya kwake kwa wino mzito: "Anadanganya. Lebo ipo na mwandiko ni wake."

Lebo kweli ilikuwapo. Imebandikwa imenyooka, pembeni ina kialama chekundu, imeandikwa kwa mkono wa mtu anayetafuta maksi: Dawa ya tumbo. Tikisa chupa kabla ya kutumia. Vijiko viwili vikubwa mara tatu kwa siku. Meza Na. 11. Lakini kilichokuwemo ndani, kwa mujibu wa mkemia, hakikuwa dawa ya tumbo hata tone. Kilikuwa dawa ya kuchua, nyeupe kama maziwa sawa na ya tumbo, ambayo nayo hutiwa minti kidogo, lakini iliyojaa yale mafuta makali yenye harufu ya minti ambayo watu hupaka magotini na migongoni. Ukiyapaka yanatuliza maumivu. Ukiyanywa kwa vijiko vikubwa kutwa nzima, unakufa, na unakufa ukidhaniwa unaumwa kifua.

Kabla ya kufika chuoni alikuwa amepita msibani. Dada mkubwa wa baba, yaani shangazi wa msichana, ndiye aliyekuwa akiishi na marehemu nyumba moja, na ndiye pekee aliyekubali kuzungumza. Alisema mtoto alirudi Ijumaa saa kumi na moja kasoro, yeye akiwa bado anaanua nguo, akaiweka chupa juu ya kabati la vyombo. Bibi alilalamika dawa inachoma koo. Akasema pia kwamba mjukuu wake ndiye fundi, na kama mjukuu kasema viwili basi ni viwili. Jumamosi mchana masikio yakaanza kumvuma, jioni anahema mbio mbio, usiku wakamkimbiza hospitali na mjukuu akabaki huko huko ubavuni mwake. Wakamtibu homa ya mapafu. Jumanne alfajiri akafariki. Kuhusu lebo shangazi hakukumbuka lolote, macho yake hayashiki maandishi madogo. Alikumbuka wema wa watu tu. Majirani walimfagilia uwanja, na mwalimu wa mtoto alikuja Jumapili mchana wakati shangazi yuko peke yake, akatoa pole, akaomba aione ile chupa ili ajue la kuwaambia madaktari, akaomba na maji ya kunywa, kisha akaenda hospitali kumjulia hali mgonjwa.

Mkuu wa chuo alimpokea Inspekta kwa tabasamu la mtu anayetaka mgeni aondoke mapema. Akaagiza chai. Akazungumza juu ya jina la chuo, miaka ya chuo, mtahini wa nje aliyekuja Jumatatu iliyopita na kuwapa alama nzuri. Inspekta alisubiri amalize, kisha akaiweka chupa juu ya meza, katikati ya vikombe. Mkuu aliacha kunywa.

Pembeni alikuwa ameketi mwalimu wa somo lenyewe, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono. Wanafunzi walimwita Mizani. Inasemekana aliwahi kumfelisha mtu kwa punje tatu za unga, na jina hilo lilimpendeza. Alieleza kwa sauti ya darasani. Dawa ya kuchua, alisema, haina ugumu kuitengeneza, ugumu uko kwenye kumlinda anayeitumia. Haipakwi penye jeraha, haifungwi kwa kitambaa cha moto, haiachwi mahali watoto wanapofika, na hainyweki. Kwa hiyo hutiwa kwenye chupa yenye matuta.

Akatoa chupa mbili kwenye droo, akamwomba Inspekta afumbe macho na kuzishika. Moja ilikuwa na mistari iliyoinuka ubavuni kote, nyingine ilikuwa laini.

"Wiki ya kwanza kabisa nawafundisha hili," alisema Mizani. "Matuta ni ya nje, laini ni ya kunywa. Mkono ujue hata kama taa imezimika."

Inspekta alifumbua macho. Chupa ya marehemu ilikuwa laini.

"Ndiyo uzembe wenyewe," alisema Mizani kabla hajaulizwa. Msichana, kwa maelezo yake, alizibadilisha dawa zake mbili mezani, akaitia ya kuchua kwenye chupa laini na kuibandika lebo ya tumbo. Alisikitika, alikuwa mwanafunzi mzuri, lakini famasia haina samahani.

Inspekta aliuliza swali ambalo konstebo yeyote aliyelala vizuri angeliuliza. Kama alizibadilisha, basi chupa yake ya matuta ilibaki na dawa ya tumbo. Iko wapi? Mizani alijibu kwamba chupa zote zilimwagwa na kuoshwa baada ya mtihani, ndio utaratibu. Na kile kialama chekundu kwenye pembe ya lebo? Ni alama yake ya kusahihisha, aliiweka lebo ikiwa kwenye chupa. Alijibu haraka, kila jibu limekaa mahali pake, na Inspekta akazidi kumchukia bila ya kuwa bado na sababu ya kuandika kwenye faili.

Alipouliza kama kuna mtu aliyemtakia msichana mabaya, Mizani alisita kidogo, kisha akasema hapendi kumsema mtu. Akamsema. Kuna mwanafunzi mmoja mtu mzima, mwenye familia, aliyeacha kazi ya zahanati kuja kusoma. Wenzake humwita Profesa. Mwaka mzima amekuwa akigombania nafasi ya kwanza na huyo msichana, na wiki ya mtihani walirushiana maneno. Alikuwapo maabara Ijumaa mpaka mwisho.

Profesa alikutwa maabara akipanga vinu na michi kabatini. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe, ukutani bango kubwa lenye maandishi mekundu: KWA KUPAKA NJE TU. Alipoiona chupa iliyo kwenye nailoni alidondosha mchi. Akauokota, akaufuta, akaendelea kuufuta ulipokwisha kuwa mkavu. Inspekta amewahi kuona watu wakiogopa polisi na amewahi kuona watu wakiogopa kitu walichofanya, na huyu alikuwa wa aina ya pili. Akavuta kigoda, akakaa, akamwambia aanze na ugomvi.

Ugomvi ulikuwa wa kijinga, alisema Profesa. Msichana alimcheka kwa kusahau namba ya ukurasa. Daftari la vitendo lilikuwa na masharti yake: kurasa zimepigwa namba na mhuri, ukikosekana mmoja daftari zima ni sifuri. Na lebo ndiyo usiseme. Mtihani ukiisha kila mtu huilowesha lebo yake, huibandua kwenye chupa na kuibandika kwenye daftari ili ipewe maksi. Mizani huipiga tiki nyekundu inayovuka ukingo, nusu juu ya lebo, nusu juu ya karatasi, kama mhuri unavyopigwa juu ya picha ya kitambulisho.

"Ana mambo yake yule," alisema. "Anasema bila hivyo tutaazimana lebo."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Alimuuliza polepole kama Ijumaa ile kuna lebo yoyote iliyobaki kwenye chupa. Hakuna, alisema Profesa. Saa tisa na nusu walikusanya madaftari, na chupa zote zilikuwa uchi kwenye trei. Na Mizani husahihisha saa ngapi? Jioni, wakishaondoka, ofisini kwake. Huandika na saa.

"Sasa niambie unachoogopa," alisema Inspekta.

Profesa alikaa kwenye kigoda cha pili. Alianza kwa kusema ana watoto watatu, na Inspekta akamwambia marehemu naye alikuwa na watoto, aendelee.

"Afande, ile dawa huenda ni yangu."

Hapo yakatoka yote. Darasa lilikuwa na watu arobaini, likafanya mtihani kwa zamu mbili, ishirini asubuhi na ishirini mchana. Msichana alikuwa wa asubuhi, yeye wa mchana. Zamu ya asubuhi ilimaliza chupa zote za matuta. Walipoingia wao wa mchana wakaambiwa stoo haina nyingine, watie dawa ya kuchua kwenye chupa laini, na lebo zitatosha. Mmoja alinyoosha mkono kuuliza. Mizani akamjibu kwamba Jumatatu anakuja mtahini wa nje, mtahini akisikia chuo kimetia dawa ya kuchua kwenye chupa laini atafuta mtihani mzima, na mtu akilitoa hili nje ya chumba hiki asahau cheti. Wote ishirini walinyamaza, na zamu ya asubuhi haikujua lolote.

"Na aliporudi maabara mchana kuomba dawa ya bibi yake ulikuwa wapi?"

"Mlangoni, naosha mikono." Profesa hakuwa akimtazama tena. "Alimwambia, chukua yoyote iliyo laini, zote ni za tumbo. Nilisikia. Nikasema moyoni, mwalimu anajua anachofanya."

Msichana alikuwa amenyoosha mkono, akapapasa chupa kama alivyofundishwa wiki ya kwanza, akahakikisha ni laini, akashukuru, akaondoka. Ndilo kosa lake lote. Inspekta alisimama akazunguka meza mara moja ili asimwambie mtu mzima yule maneno ambayo angeyajutia. Kisha alimwambia. Alimwambia kwamba msichana aliyemcheka kwa namba ya ukurasa amelala sakafu ya simenti siku mbili, kwamba baba yake amemkana, na kwamba yeye Profesa angeweza kuyazuia haya kwa kufungua mdomo. Profesa alikubali kwa kichwa. Akaandika maelezo yake kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili, akasaini kila moja.

Ilikuwa imebaki habari ya kuosha. Nyuma ya maabara, kwenye sinki mbili za saruji, mama mmoja wa makamo alikuwa akisugua vyombo kwa brashi ndefu. Chuo kizima kilimwita Mama Chupa. Alianza kwa kusema hajui, hakuona, hakusikia, na mkataba wake unaisha mwezi ujao. Inspekta alivua saa ya mkononi, akakunja mikono ya shati, akachukua brashi ya pili. Walisugua chupa sita. Kwenye ya saba Mama Chupa akamuuliza kama ni kweli kwamba yule mtoto amefungwa. Huwa ananisalimia, alisema, si wote wanaonisalimia.

Kisha akasema kwamba hazikuoshwa Ijumaa. Aliitwa Jumapili saa tatu asubuhi, na kwa miaka tisa aliyofanya kazi pale hajawahi kuitwa Jumapili. Alipofika alimkuta Mizani peke yake mbele ya trei. Za matuta alikwisha kuziweka kando, zote ishirini zipo. Zilizobaki laini alikuwa anazifungua moja moja, ananusa, zenye harufu kali ya dawa ya kuchua anazitenga, anazihesabu kwa sauti.

"Alipofika kumi na tisa akanyamaza," alisema Mama Chupa. "Akazirudia tena tangu mwanzo. Kumi na tisa. Akakaa chini pale, kwenye hiyo ndoo, kama dakika kumi. Halafu akaniambia mwaga zote, osha, na ujifanye hukuja."

Inspekta alishusha brashi. Alimuuliza kama ana hakika na saa, na Mama Chupa akasema saa nne ilikuwa haijafika, maana mafundi bomba walikuja saa nne na yeye akawa amekwisha kumwaga. Jumapili saa nne, bibi alikuwa hai. Daktari alikuwa amemweleza Inspekta kwa simu asubuhi ile kwamba sumu ya aina hiyo ina matibabu yake, kuna dripu ya kuisafisha damu na kuna hospitali kubwa yenye mashine, na kwamba wangeambiwa tu amekunywa nini Jumapili, wangekuwa na nafasi nzuri. Hawakuambiwa. Walikuwa wanatibu mapafu yasiyo na ugonjwa.

Saa sita na robo alirudi ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi. Mizani alikuwa bado yupo, safari hii na chai yake. Inspekta aliomba daftari la vitendo la msichana, la meza namba kumi na moja. Mizani alisema madaftari yamefungwa kabatini kwake tangu Ijumaa, mtahini akayaona Jumatatu, yakarudishwa, na funguo ameacha nyumbani. Inspekta alimgeukia mkuu na kumuuliza kama chuo chenye jina kubwa hivi hakina funguo za akiba. Mkuu alimtazama mwalimu wake, akamtazama Inspekta, akavuta droo.

Daftari lilifunguliwa mezani. Ukurasa wa dawa ya kuchua ulikuwa na lebo yake, na tiki nyekundu imevuka ukingo. Ukurasa wa dawa ya tumbo haukuwa na lebo. Ulikuwa na alama ya gundi yenye pembe nne, karatasi imechubuka katikati, na pembeni mwa gundi ulianza mkia wa tiki nyekundu, hauna kichwa. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu anayependa usahihi: 9/10, Ijumaa, saa 12.10 jioni.

Inspekta alilaza chupa juu ya ukurasa, lebo ikiegemea ile alama ya gundi. Kialama chekundu cha pembeni kikakutana na mkia. Ilikuwa tiki moja.

"Msichana aliibandua mwenyewe," alisema Mizani.

"Saa kumi na moja kasoro alikuwa nyumbani kwao na chupa. Shangazi yake alikuwa anaanua nguo. Wewe saa kumi na mbili na dakika kumi unapiga tiki juu ya lebo, na lebo iko kwenye daftari. Daftari likafungwa kabatini, funguo unazo wewe. Hajarudi chuoni tangu siku hiyo. Sasa niambie lebo ilitembea kwa miguu ya nani."

Mizani alinyoosha mkono kulifunga daftari. Inspekta aliuzuia kwa kiganja, wala hakutumia nguvu nyingi. Akamweleza mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na haraka. Msichana alimpigia simu Jumapili asubuhi kumwambia bibi amelazwa, akamuuliza kama dawa yake ilikuwa sawa. Hilo lilikuwemo kwenye maelezo, konstebo hakuona maana yake. Mizani akajibu ni sawa kabisa. Akaja maabara, akahesabu za kuchua zilizo kwenye chupa laini, akapata kumi na tisa badala ya ishirini. Akajua. Akailowesha lebo ya mtoto, akaibandua kwenye daftari, akaitia mfukoni, akaenda nyumbani kwa watu kutoa pole. Shangazi alipogeuka kumletea maji ya kunywa, akaibandika. Ukurasa hakuweza kuuchana kwa sababu aliupiga namba na mhuri yeye mwenyewe, na mtahini angeuulizia; lebo ikiulizwa, angesema ilibanduka yenyewe.

Mkuu wa chuo alikuwa ameketi mdomo wazi. Alimuuliza Mizani kama ni kweli, na Mizani hakumjibu yeye.

"Kulikuwa na wanafunzi arobaini," alimwambia Inspekta. "Mtihani ungefutwa. Mwaka wao mzima. Nilidhani atapona."

"Ungemwambia daktari ungedhani vizuri zaidi. Ulipitia hospitali siku hiyo. Ulisimama kitandani. Neno moja tu: hakunywa ya tumbo, amekunywa ya kuchua. Usingehitaji hata kutaja jina lako." Sauti ya Inspekta ilipanda, na aliiacha ipande. "Umewafundisha watoto matuta na laini miaka mingapi? Yule mtoto alikuamini mpaka vidoleni. Ukamwangushia jumba bovu ukiwa umemshika bega."

Alimfunga pingu pale pale, mbele ya chai. Mizani aliomba avue kwanza koti jeupe, wanafunzi wasimwone nalo. Inspekta alimkatalia. Walipita katikati ya uwanja wakati wa mapumziko, na wanafunzi wa mwaka wa pili waliacha kula wakatazama. Ishirini kati yao walitazama chini.

Saa nane kasoro dakika tano faili lilikuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, likiwa na jina jingine juu. Saa nane na nusu Inspekta alisaini karatasi ya kumtoa msichana, na alimwamuru konstebo wa wino mzito aende mwenyewe akamfungulie na kumrudishia vitu vyake. Konstebo alirudi na mkoba, simu, na kamba mbili za viatu ambazo huvuliwa kila anayeingia mahabusu.

Msichana aliketi kwenye benchi la mapokezi, kamba zimekunjwa mkononi, hazifungi. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye karatasi. Inspekta aliketi karibu naye akamweleza kwa ufupi: chupa, zamu ya mchana, lebo, daftari. Alimwambia hakukosea. Alisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikuonekana kuingia.

"Alijua lini?" aliuliza msichana.

Inspekta alifikiri kumwambia kwamba hilo litasemwa mahakamani. Lakini alikuwa ameshachoka na watu wa kunyamaza.

"Jumapili. Kabla ya saa nne asubuhi."

Msichana alizungusha kamba kidoleni. "Jumapili Bibi alikuwa anaongea," alisema. "Aliniuliza kama nimekula."

Inspekta alimsogezea mkoba wake. Mlangoni alikuwa amesimama baba, ambaye shangazi, baada ya kuarifiwa na kituo, alimpigia simu na kumwambia yote, na alikuwa amefika mapema kiasi cha kusikia hilo. Alikuja mpaka kwenye benchi. Akapiga magoti kwenye sakafu ya kituo, na suruali yake ya mazishi, akazichukua kamba mkononi mwa binti yake, akaanza kumfunga viatu, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto.